Msimu umesombwa na mto, na mashine iko tayari kuujaza

SWALI

Mheshimiwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fani ya magonjwa ya mimea. Nina maswali mawili yaliyofungamana kiasi kwamba nikianza kulijibu moja najikuta ndani ya jingine, na watu walio karibu nami kila mmoja ameshachagua upande wake.

Utafiti wangu unahusu ugonjwa wa michirizi kahawia unaoozesha mihogo katika Mkoa wa Pwani. Nilipanda aina zile zile za mihogo katika mashamba mawili, moja Kibaha na jingine bondeni Rufiji, ili nichunguze kama wingi wa nzi weupe, ambao ndio wanaoeneza virusi vya ugonjwa huo, unakwenda sambamba na kiasi cha mihogo inayooza katika sehemu zote mbili. Kazi yenyewe ni ya kuinama. Asubuhi na mapema, kabla jua halijawachangamsha nzi, unapita mmea kwa mmea ukigeuza taratibu majani matano ya juu na kuwahesabu waliojibanza upande wa chini. Ukigeuza kwa pupa wanaruka na hesabu inaharibika. Mihogo ikikomaa unaing'oa, unaikata vipande vya mviringo, na kila muhogo unaupa alama kuanzia 1, yaani muhogo safi, hadi 5, yaani muhogo uliooza vibaya kabisa.

Kibaha nimekwisha vuna. Shamba la bondeni mto ulilifunika kabla ya mavuno, nami nimebaki na hesabu za nzi na alama za majani za miezi ya mwanzo, bila hata muhogo mmoja uliokatwa. Mwenzangu wa maabara, ambaye ni hodari wa kompyuta, ananiambia kuwa hilo ni tatizo la jioni moja. Aliipa programu ya akili mnemba takwimu zote za Kibaha pamoja na zile za majani ya bondeni, nayo ikatoa alama za mihogo ambayo ningeing'oa. Jedwali lilijaa mbele ya macho yangu, na namba zake zinafanana na za shambani hata kwa ule mparaganyiko wake. Anasema hakuna mtahini atakayetambua. Msimamizi wangu bado hajui kuhusu jedwali hilo, na kuhusu mafuriko anajua juujuu tu.

Upande wa pili yupo mjomba wangu, ambaye ndiye anayenilipia ada na ambaye sina ubaya wa kumsema. Katika kundi letu la WhatsApp la familia alituma habari ya profesa mmoja wa London ambaye timu yake ilihangaika na swali moja kwa miaka kumi, na programu ya Google ikamletea jibu kwa siku mbili. Kisha akatuma habari ya Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 iliyokwenda kwa watu wa akili mnemba. Chini yake akaandika: "Mpwa wangu, wenzako wamekwisha maliza kazi, wewe unahesabu nzi wa nini?" Yuko tayari kunilipia mwaka mwingine, ila nihamie kozi ya kompyuta.

Nashindwa kumjibu kwa sababu mimi mwenyewe programu hizo zinanisaidia. Mapitio ya machapisho ambayo yangenichukua wiki kadhaa yamekamilika kwa saa chache, na nikiiuliza kuhusu michirizi kahawia hueleza vizuri kuliko mimi. Swali lililoishinda ni la mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na letu la Kibaha. Aliniuliza kama ang'oe mihogo yake ikifikisha miezi tisa au asubiri mwaka utimie, kwa kuwa akisubiri inaoza na akiwahi inakuwa midogo. Programu ilinipa maelezo marefu ya pande zote mbili, nikaona haya kumpelekea.

Je, nijaze jedwali? Na kama mashine inasoma kila kitu na kujibu kila kitu, utafiti wa kisayansi umebaki na kazi gani?

Wako mtiifu,
Mhesabu Nzi, Kibaha


JIBU

Marahaba, binti yangu.

Jedwali usilijaze. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo jepesi, ingawa sababu yake si ile ambayo huenda umeshaambiwa, ya kwamba kughushi takwimu ni kosa la kinidhamu na ukibainika utafutiwa shahada. Hayo ni kweli, lakini yanamtisha mtu bila kumwonyesha kilichoharibika.

Tazama programu ile ilifanya nini hasa. Ilijifunza kutoka Kibaha jinsi nzi na dalili za majani zinavyohusiana na kuoza kwa mihogo, kisha ikauchukua uhusiano huo huo na kuuhamishia bondeni. Wewe ulipanda mashamba mawili kwa sababu ulitaka kujua kama uhusiano huo ni mmoja katika sehemu zote mbili. Maana yake ni kwamba mashine imelichukua jambo ulilokuwa ukiliuliza, ikalifanya kuwa jambo lililokwisha kukubaliwa, halafu ikakurudishia likiwa na sura ya matokeo. Hata kama mihogo ya bonde la Rufiji ingekuwa inaoza kwa namna tofauti kabisa na ya Kibaha, jedwali lile lisingeweza kukuambia, kwa sababu umeiuliza Kibaha mara mbili na bonde hujaliuliza. Isitoshe, ugonjwa huu unajulikana kwa jinsi majani na mizizi visivyokubaliana: ziko aina za mihogo ambazo majani yake huonyesha dalili waziwazi huku mizizi ikiwa salama, na ziko ambazo majani yanapendeza mpaka siku ya kung'oa ndipo mkulima anapokuta uozo mkavu wa kahawia ndani ya muhogo mnene.

Na ule mparaganyiko uliokuvutia ndio unaonitia shaka zaidi. Shambani, mmea wenye alama 5 katikati ya mimea yenye alama 1 una sababu yake, hata kama huijui. Pengine pingili yake ilikatwa kutoka mmea uliokuwa na virusi tayari, au mmea ule uko pembezoni, karibu na shamba la jirani lenye ugonjwa. Ukirudi na daftari lako unaweza kuitafuta sababu hiyo, na mara nyingi hapo ndipo utafiti mzuri huanzia. Mparaganyiko wa jedwali la mwenzako umetengenezwa ili ufanane na wa shamba, kwa hiyo hata ukiuchimba mwaka mzima chini yake hakuna pingili.

Nisije nikaeleweka kwamba takwimu zinazokosekana haziwezi kufidiwa kabisa. Wanatakwimu wana njia halali za kufidia namba chache zilizopotea kati ya nyingi zilizopimwa, mradi mtafiti aseme amefidia wapi na kwa njia gani, na pia inaruhusiwa kuonyesha utabiri wa modeli ukiitwa utabiri. Lakini mavuno ya shamba zima hayafidiwi kwa njia hizo, na hakuna njia halali inayoruhusu muhogo ambao haukung'olewa uandikwe kwamba uling'olewa. Mwenzako anasema mtahini hatatambua, na huenda ni kweli. Tasnifu yako, hata hivyo, itasomwa na mtafiti anayechagua aina za mihogo za kupelekwa bondeni, ambaye atakuamini kwa sababu hana mahali pengine pa kusoma, kisha itasomwa na mashine zijazo, ambazo zitajifunza kutoka katika namba zako kana kwamba zilitoka ardhini.

Sasa tuje kwa mjomba, ambaye nami namheshimu kwa sababu anauliza swali ambalo wenye vyeo wengi wanalikwepa. Habari alizotuma ni za kweli, na itakuwa vibaya ukimjibu kwa kuzibeza. Profesa anayetajwa ni José Penadés wa Imperial College London. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ilitangazwa kwamba aliiuliza programu ya Google swali ambalo kundi lake lilikuwa limelifanyia kazi kwa takriban miaka kumi, kuhusu jinsi vipande fulani vya vinasaba vinavyoweza kuhama kutoka aina moja ya bakteria kwenda nyingine. Na baada ya siku mbili programu ikaweka juu ya orodha dhana ile ile waliyoifikia wao, kwamba vipande hivyo hujitwalia mikia ya virusi mbalimbali vinavyoshambulia bakteria. Alishangaa kiasi cha kuwauliza Google kama wanaweza kuingia katika kompyuta yake, na mwenyewe alisema kwamba dhana hiyo ingemwokolea miaka ya kazi kama angeipata mapema.

Ila katika habari hiyo kuna mambo mawili ambayo kundi la WhatsApp halikuwa na nafasi ya kuyabeba. La kwanza ni kwamba sehemu ya njia ilikuwa imekwisha funguliwa na kundi lenyewe, katika chapisho lao la mwaka 2023 ambalo programu ilipewa. La pili, ambalo naliona kubwa zaidi, ni hili: programu ilitoa dhana kadhaa, na iliyokuwa juu ilijulikana kuwa sahihi kwa sababu maabara ya Penadés ilikuwa na matokeo ya majaribio ya miaka mingi ya kuilinganisha nayo. Bila majaribio hayo siku zile mbili zingezaa orodha ya mambo yanayowezekana, na mambo yanayowezekana hayajawahi kuwa haba katika sayansi.

Habari ya Nobel inafundisha zaidi, nami ningependa uisome pamoja na mjomba. Nusu ya tuzo ya Kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa ajili ya AlphaFold, programu inayotabiri umbo la protini kutokana na mfuatano wa asidi amino zake. Nusu nyingine ilikwenda kwa David Baker kwa kubuni protini mpya. Kufikia mwaka 2022 AlphaFold ilikuwa imetabiri maumbo ya protini zaidi ya milioni 200, kazi ambayo maabara zote za dunia zisingeimaliza. Lakini ilijifunzia wapi? Katika hazina ya wazi ya maumbo ya protini iliyoanzishwa mwaka 1971 ikiwa na maumbo 7 tu, ambayo baada ya nusu karne ilikuwa na takriban 170,000. Mengi ya maumbo hayo yalipatikana kwa mtu kuikuza protini iwe fuwele, kuipiga mionzi ya eksirei na kukokotoa, kazi iliyoweza kumla mtu miaka kwa protini moja. Waliofanya hivyo walikubaliana kuyaweka matokeo yao hadharani kwa kipimo kimoja na kwa mpangilio mmoja. Mjomba ameonyeshwa ghala lililojaa, hakuonyeshwa waliolima. Na kilimo chenyewe hakijaisha, kwa sababu AlphaFold ikisema protini fulani ina umbo fulani, anayetaka kutengeneza dawa juu ya umbo hilo bado huenda kulipima.

Basi jiulize: hazina ya namna hiyo kuhusu mihogo ya bonde la Rufiji iko wapi? Haipo. Mashine huwa na nguvu pale ambapo watu walikwisha pima kwa wingi na kwa uangalifu, na hubaki na ufasaha mtupu pale ambapo hawakupima. Ufasaha huo ndio unaotuchanganya, kwa sababu lugha yake ni ile ile katika hali zote mbili.

Katika fani yako mwenyewe upo mfano mzuri. Ipo programu ya simu iitwayo Nuru, iliyotengenezwa na PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa kushirikiana na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, ambayo mkulima akiielekeza kwenye jani la muhogo humwambia kama inaona dalili za batobato, za michirizi kahawia au za utitiri wa kijani, tena bila mtandao na kwa Kiswahili. Naisifu bila kinyongo. Msingi wake ni picha zilizopigwa mashambani katika pwani ya Tanzania, zikatazamwa na wataalamu wanaojua dalili moja isivyofanana na nyingine. Waliokuja kuipima baadaye waligundua kwamba jani moja halitoshi. Ukiionyesha majani kadhaa ya mmea ule ule jibu huwa bora. Nayo, kama kamera yoyote, haioni chini ya udongo, mahali ambapo ugonjwa huu hufanya hasara yake kubwa. Kila tunachokijua kuhusu huko chini kimetoka kwa mtu aliyeshika kisu.

Nitakueleza jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa fani yako alijue kwa moyo. Ugonjwa wa michirizi kahawia ulielezwa kwa mara ya kwanza na H. H. Storey mwaka 1936, katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara. Kwa miongo mingi baadaye ilijulikana, tena kwa ushahidi wa kutosha kabisa wa wakati ule, kuwa huu ni ugonjwa wa nyanda za chini: wa pwani ya Tanzania, Kenya na Msumbiji, na wa kandokando ya Ziwa Nyasa. Juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari haukuhesabiwa kuwa tishio. Uganda, ambayo sehemu yake kubwa iko juu ya kiwango hicho, ilikuwa imewahi kuuona katika miaka ya 1940 kwenye vipando vilivyoletwa kutoka Amani, vikateketezwa, mambo yakaishia hapo.

Mwaka 2004 watafiti wa Uganda waliona dalili zake mashambani, Mukono, mahali ambapo kwa mujibu wa vitabu haukupaswa kuenea. Waling'oa, wakakata, wakapima maabara, wakathibitisha. Katika miaka iliyofuata ugonjwa ulienea katika nchi zinazozunguka Ziwa Viktoria na kufika Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo, na leo hakuna mtu anayeutaja ule mpaka wa mita 1,000 ila kama historia.

Hebu fikiria programu yako ingekuwapo mwaka 2003, ikiwa imesoma kila kilichoandikwa kuhusu mihogo, na mkulima wa Mukono akaiuliza kwa nini mihogo yake imeoza ndani. Ingemjibu kwa adabu na kwa mpangilio kwamba michirizi kahawia haielekei kuwa sababu kwa sababu ya mwinuko wa eneo lake. Simaanishi kwamba mashine ni pumbavu. Mabingwa wa wakati ule wangejibu vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba bingwa anaweza kupanda gari akaenda kutazama, akaona kitu kinachompinga, akarudi na kubadili kitabu. Binti yangu, sioni kazi ya utafiti iliyo juu ya hiyo: kwenda kuuliza mahali ambapo kilichoandikwa kinaweza kukataliwa, kwa njia ambayo mtu mwingine anaweza kuirudia, kisha kusimama na kuulizwa. Mashine inaweza kukusaidia kuchagua mahali pa kwenda, na ikiunganishwa na vipimo huenda siku moja ikaenda yenyewe. Zipo maabara ambazo roboti hufanya majaribio usiku kucha. Hata hivyo roboti hizo nazo zinaiuliza dunia, hazijiulizi zenyewe, kwa hiyo haziondoi hoja yangu bali zinaikubali.

Kuhusu kozi ya kompyuta nitasema kidogo. Baadhi ya kazi zilizokuwa zikiwalisha watafiti wachanga zitapungua, na ni bora uyajue hayo sasa: kupanga mfuatano wa vinasaba, kuandika programu fupi za takwimu, kusahihisha Kiingereza cha makala. Jifunze kuitumia akili mnemba kwa kazi hizo, na katika tasnifu yako utaje ulipoitumia. Katika mapitio ya machapisho, kila rejeo ulifungue na kulisoma wewe, kwa maana mwaka 2022 kampuni ya Meta ilitoa programu iitwayo Galactica, iliyofunzwa kwa mamilioni ya maandiko ya kisayansi, na baada ya siku tatu ikaiondoa hadharani kwa lawama kwamba inatunga mambo kwa sauti ya kitaalamu. Za leo ni bora kuliko ile, lakini tabia hiyo haijazitoka. Ukipenda kusomea kompyuta kwa sababu unaipenda, nenda. Usiende kwa kudhani kwamba huko ndiko maswali yanakojibiwa na kwamba shambani yamekwisha.

Nimeliacha la mzee jirani makusudi, kwa sababu katika barua yako umelitaja kama jambo la kando, na mimi naliona kuwa ndilo lenye thamani kuliko yote uliyoandika. Mkulima wa mihogo anayeishi na michirizi kahawia hujikuta katika hesabu ya hasara mbili kama alivyokueleza mwenyewe: akiwahi anapunguza uzito wa mavuno, akichelewa anapunguza kinacholika. Jibu linategemea aina aliyopanda, udongo wake, afya ya vipando vyake na kasi ya ugonjwa katika kijiji chake, na vitu hivyo vinne kwa pamoja havijapimwa shambani kwake na mtu yeyote. Programu ilikupa pande zote mbili kwa sababu haina zaidi ya pande zote mbili. Wewe unacho kisu, mizani na kipimo cha 1 hadi 5, na uko umbali wa kutembea kwa miguu.

Kwa hiyo ushauri wangu kuhusu tasnifu ni huu. Kibaha ibaki sura kamili. Bondeni iwe sura fupi inayoishia kwenye majani na nzi, ukieleza mafuriko kwa sentensi mbili bila kuomba radhi. Namba ulizozipata kabla ya mto kupanda ni za kweli na zitamfaa atakayepanda pale baada yako. Kisha nafasi ya mavuno yaliyopotea uijaze kwa swali la mzee. Tafuta wakulima kadhaa wa jirani waliopanda wakati mmoja na ambao wanajua wamepanda aina gani, uwaombe ruhusa, ung'oe sehemu ya mimea ikifikisha miezi tisa na sehemu nyingine mwaka ukitimia, upime uzito, ukate na utoe alama. Mihogo hiyo uinunue kwa bei ya sokoni, usiichukue kwa jina la sayansi. Daftari la shambani liandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino hufutika mvua ikinyesha, na matokeo yapelekwe kwa wakulima hao kwanza kabla ya kupelekwa kwa mtahini.

Mjomba umjibu kwa mfano wa kituo cha Amani. Wakati wa Storey, watafiti wa kituo kile waliuchanganya muhogo na mmea wa jamii yake unaotoa mpira, na uzao uliopatikana wakauchanganya tena na tena na muhogo ili upate kulika. Kazi hiyo ilisimama katika miaka ya 1950 na angeweza mtu kusema imepotea. Wakulima, hata hivyo, waliendelea kupanda vipando vyake. Mihogo iitwayo Namikonga kusini mwa Tanzania na Kaleso katika pwani ya Kenya ina asili hiyo, na ndiyo ambayo wataalamu wanaotafuta aina zinazostahimili michirizi kahawia wamerudi kuitumia katika karne hii. Mwambie pia, bila ukali, kwamba wakati Amani wanachanganya mimea hiyo hakuna aliyeweza kumwonyesha mlipa ada faida ya kazi yao mwaka ule. Ikiwa bado atataka uhame, hilo litakuwa suala la fedha zake na si la sayansi, na mtalizungumza kama watu wa familia.

Kwa msimamizi wako nenda wiki hii. Mweleze mafuriko kikamilifu, umwambie kuhusu jedwali alilolitengeneza mwenzako kabla hajalisikia kwa mwingine, kisha umkabidhi ombi la kubadili andiko la utafiti likiwa limekwisha chapwa, lenye idadi ya mashamba, ratiba na gharama ya mihogo utakayonunua. Atalazimika kulipeleka kwenye kamati ya chuo, na kamati huwa hazina haraka, ilhali mihogo ya jirani yako itafikisha miezi tisa iwe kikao kimekaa au hakijakaa.